Daladala zikiishia njia panda: tunaonyeshaje kwa hesabu nani anaumia na nani ananufaika?

Mjumbe_Pembezoni

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaoujua usafiri wa mjini kwa undani.

Eneo letu ni pembezoni mwa Ilala, Dar es Salaam, upande wa Kivule na Kitunda. Wengi wanategemea daladala zinazotoka ndani, zinatokea Banana, kisha zinashika Barabara ya Nyerere kwenda mjini. Awamu ya tatu ya mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka kwenye njia yao maalumu, ni ya barabara hiyohiyo, Gongo la Mboto mpaka katikati ya jiji. Kilichofanyika Barabara ya Morogoro Mei 2016 kinajulikana: mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi, daladala zilitolewa kwenye barabara kuu na kupangiwa njia nyingine. Tunatarajia za kwetu nazo ziishie Banana, abiria ashuke apande basi jingine.

Hatuupingi mradi. Tunataka kupeleka maoni ya maandishi, lakini kila tukikaa kikao tunaishia kuandika "wananchi wa hali ya chini wataumia", na sentensi hiyo haimsumbui mtu yeyote ofisini. Maswali yangu ni haya. Tunapimaje athari kwa kibarua wa viwandani, mama lishe na dada wa kazi anayekwenda Mikocheni au Masaki? Takwimu tunazikusanyaje bila bajeti? Na tuombe kitu gani hasa, kwa nani?

---

MezaYaNauli

Mkuu, anzeni na jedwali la nauli, kwa sababu nusu ya jibu imelala humo na watu wengi wanalipita.

Nauli za daladala hupangwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, kwa makundi ya umbali. Kwa viwango vilivyotangazwa Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600, ya kilomita 11 hadi 15 ni 700. Maana yake kilomita za mwanzo ndizo ghali, zinazofuata ni za kuongezea kidogo tu. Sasa chukua ruti moja ya kilomita 14. Abiria analipa 700. Ikate vipande viwili, kimoja cha kilomita 6 na kingine cha 8. Umbali ni uleule, abiria ni yuleyule, analipa 600 mara mbili, yaani 1,200. Kwenda na kurudi ameongezewa 1,000, na kwa siku 26 za kazi ni 26,000 kwa mwezi. Hakuna aliyetangaza nauli mpya wala kuitisha mkutano wa wadau. Imepanda kwa sababu mstari kwenye ramani umekatwa.

Halafu iwekeni hiyo tofauti juu ya kipato. Tuseme kibarua analipwa 8,000 kwa siku. Nauli ya zamani ya 1,400 ilikuwa asilimia 17.5 ya ujira wake. Nauli mpya ya 2,400 ni asilimia 30. Mtu wa 25,000 kwa siku anatoka asilimia 5.6 kwenda 9.6. Afrika Kusini, katika sera yao ya usafiri ya 1996, waliweka lengo kwamba nauli isizidi takribani asilimia 10 ya kipato cha matumizi cha msafiri. Kwa kipimo hicho huyu wa 25,000 bado yumo ndani. Yule wa 8,000 alikuwa nje tangu zamani, sasa amesukumwa mbali zaidi.

Kitu cha pili, na hiki naomba mkiweke kwa herufi kubwa: kibarua halipi nauli ya siku alizofanya kazi tu. Analipa pia ya siku alizofika getini akarudishwa. Tuseme kwa wiki anajaribu siku 5, anachukuliwa siku 3. Mapato 24,000. Nauli ya zamani, siku 5 kwa 1,400, ni 7,000, yaani asilimia 29. Nauli mpya ni 12,000, nusu nzima ya alichopata. Hapo ndipo mtu anaacha kutafuta kazi mbali na kubaki kusubiri vibarua vya mtaani kwake vyenye malipo madogo. Ukimuuliza atakwambia "kazi hakuna", na takwimu zitamwandika hivyohivyo.

---

Hesabu_na_Mafuta

Naongezea upande wa gari, maana watu wanapanga ruti kana kwamba magari ni ya serikali.

Dereva wa daladala ana hesabu, yaani kiasi maalumu cha fedha cha kumpelekea tajiri (mwenye gari) kila siku, ana mafuta, na kinachobaki anagawana na konda. Wengi hawana mkataba wala mshahara. Kwa hiyo gari linakwenda kule ambako hesabu inapatikana, na saa ambayo inapatikana. Ruti fupi ya kulisha, yaani ya kuleta abiria kwenye kituo cha mwendokasi, ina faida moja kwa dereva: tripu nyingi, abiria wanashuka wote mwisho, siti zinauzwa upya. Hasara yake ni kwamba asubuhi wote wanakwenda upande mmoja. Gari linatoka ndani limejaa, linarudi tupu. Mchana abiria wanakauka. Tajiri akiona hesabu haifiki, analihamishia gari ruti nyingine, na msimamizi wa ruti anabaki na orodha ya magari 40 kwenye karatasi wakati barabarani yapo 22 (namba za mfano hizo, lakini pengo la aina hiyo ndilo mtakalolikuta). Hesabuni magari kwa namba za usajili, msichukue orodha ya ofisini.

Halafu kuna mambo matatu ambayo wapimaji huyaacha kwa sababu hayapo kwenye ruti rasmi.

Kugeuza na gari: mtu yuko kituo cha katikati, magari yanapita yamejaa, anapanda linalokwenda kinyume mpaka mwanzo wa ruti ili apate nafasi, kisha analipa tena kwenda mjini. Hiyo ni 600 ya ziada na dakika 20 au zaidi, na hutokea zaidi kwa wanawake na wazee ambao hawawezi kugombania mlango.

Kukatisha ruti: gari lina kibao cha mwisho wa njia lakini konda anashusha watu nusu ya safari ili ageuze haraka awahi kundi jingine. Ni kosa chini ya leseni, ila jioni hutokea sana.

Bodaboda ya kumalizia: usiku gari la ndani likikosekana, kutoka njia panda mpaka nyumbani ni buku (shilingi 1,000) au zaidi, kwa maelewano. Anayetoka kazini saa 4 usiku analipa pengine zaidi ya nauli yake yote ya mchana. Walinzi, wahudumu wa hoteli na wauguzi wamo kundi hili.

---

PimaKituo

Swali la takwimu bila bajeti nalijibu hapa kwa kirefu, kwa sababu nimeona kazi za mtaa zikitupwa kwa makosa ambayo yangezuilika.

Mnahitaji watu watatu kwa kituo, daftari la kaunta, saa moja ya kuaminika na vikaratasi. Muda ni saa 11 alfajiri hadi saa 3 asubuhi, na saa 10 jioni hadi saa 4 usiku. Mtu wa kwanza anaandika kila gari lililofika: saa, ruti iliyoandikwa, tarakimu tatu za mwisho za namba. Wa pili anahesabu waliopanda na walioachwa baada ya gari kuondoka. Wa tatu ana vikaratasi: kila mtu wa kumi anayefika kituoni anapewa kimoja chenye saa aliyofika, na anapopanda anakirudisha, saa ya kupanda inaandikwa nyuma. Akikata tamaa akachukua bodaboda au akaanza kutembea, andikeni hivyo. Msivae vizibao vya kung'aa. Makonda wakidhani ni ukaguzi, siku hiyo watapakia wanafunzi wote na hawatakatisha ruti, nanyi mtaondoka na picha ya siku ambayo haipo.

Fanyeni Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, kisha siku moja ya mvua iwekwe peke yake. Epukeni likizo za shule. Pimeni pia kati ya tarehe 10 na 20, siyo mwisho wa mwezi tu, kwa sababu mshahara ukitoka hata wanaotembea hupanda gari.

Kwenye kuandika matokeo, msitoe wastani pekee. Pangeni vikaratasi 20 kuanzia aliyesubiri muda mfupi hadi mrefu. Taja wa kumi, kisha taja wa kumi na nane. Kama wa kumi alisubiri dakika 12 na wa kumi na nane dakika 41, huyo wa kumi na nane ndiye mwenye habari. Mwenye mshahara wa mwezi akichelewa dakika 29 anaomba radhi. Kibarua akifika getini msimamizi ameshachagua watu wake, hajapoteza dakika 29, amepoteza siku. Ili awe salama inabidi atoke nyumbani akihesabu siku mbaya, yaani dakika 41 kila siku. Usafiri usiotabirika unamtoza hata siku ambayo gari limewahi.

Sasa kosa kubwa kuliko yote: kuhoji watu kituoni tu. Waliopo kituoni ni walioweza kulipa. Aliyeacha kazi kwa sababu ya nauli hayupo pale, wala anayetembea kilomita 6 kwenda kiwandani. Kwa hiyo pita nyumba kwa nyumba, kila ya tano, mpaka kaya 100. Ulizeni habari za jana, msiulize "kwa kawaida": jana ulitoka saa ngapi, ulipanda nini na nini, ulilipa shilingi ngapi kila kipande, kuna sehemu ulitembea, nauli ilitoka mfukoni au ulikopa? Kisha swali moja la mwisho: mwezi uliopita kuna kazi uliisikia ukaiacha kwa sababu ya njia? Andikeni kazi gani na ilikuwa wapi. Gawanyeni majibu kwa jinsia na aina ya kazi, la sivyo dada wa kazi na karani wa benki watachanganywa kwenye namba moja.

Mwisho tengenezeni jedwali la maeneo ya kazi: Kipawa, Vingunguti, Kariakoo, Posta, Mikocheni, Masaki. Kila eneo liwe na muda wote kutoka mlangoni hadi mlangoni, idadi ya kupanda magari, na jumla ya nauli, kwa hali ya sasa na hali ya ruti kukatwa. Wekeni ukomo wa aina mbili kwa pamoja: dakika 60 na shilingi 1,500. Eneo linalofikika kwa dakika 60 lakini kwa shilingi 1,950 lihesabiwe halifikiki kwa mtu wa kibarua. Ramani nyingi za miradi hupima muda peke yake, na kwa muda peke yake kila mradi wa mwendokasi unapendeza.

---

Njia_Maalumu

Wakuu, tuwe waangalifu tusije tukatetea hali ya zamani kana kwamba ilikuwa nzuri. Gari lililonasa kwenye foleni halimsaidii maskini. Njia ya peke yake ya basi inafanya kitu ambacho daladala haziwezi hata ziwe nyingi kiasi gani: zinazoongezeka zinaongeza foleni. Mabasi ya awamu ya kwanza, ya Kimara, yalileta pia kupanda kwa usawa wa jukwaa, jambo ambalo mtu wa kiti cha magurudumu hajawahi kulipata kwenye daladala yenye ngazi ndefu na konda anayeharakisha.

Na nauli ya bei moja kwa njia kuu inawabeba watu wa mbali. Wa Kimara na wa Magomeni wanalipa sawa kwenda Kivukoni, yaani anayekaa karibu anamsaidia anayekaa mbali. Wanaokaa mbali ndio wengi wa hali ya chini. Hiyo ni sera ya usawa hata kama haikuitwa hivyo.

Kilichoharibu awamu ya kwanza ni idadi ya mabasi. Mradi ulikusudiwa uwe na mabasi 305, ukaanza na 140. Ukijenga barabara ya mabasi 305 ukaweka chini ya nusu, foleni uliyoitoa barabarani umeihamishia kwenye jukwaa la kituo. Na karakana ikawekwa Jangwani, bonde la Mto Msimbazi, ambako masika yalipokolea maji yaliingia na huduma ikasimama. Shabaha ya maoni yenu iwe idadi ya mabasi na ratiba, kuliko kulinda daladala.

---

MezaYaNauli

Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ndugu. Kwenye mabasi 305 sina la kuongeza.

Ila bei moja ina upande wa pili, na unamgusa hasa mtu wa Kivule. Viwanda vingi vya Barabara ya Nyerere viko njiani, havipo mwisho wa njia. Anayeshuka Banana akitaka kwenda Kipawa au Vingunguti anakwenda vituo vichache tu. Kwa nauli moja analipa sawa na anayekwenda mpaka mjini. Hapo anayesaidiwa ni karani wa Posta na anayesaidia ni kibarua. Anachofanya ni kutembea kipande hicho kando ya malori. Kwa hiyo kabla ya kusema bei moja ni ya haki, tazameni wanaofanya safari fupi ni akina nani kwenye njia hiyo. Barabara moja na nyingine hazilingani.

Kuhusu kuhamia karibu na kazi, kwa sababu najua litaulizwa: mwenye nyumba Dar anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka. Nauli hulipwa kidogokidogo kila siku. Mtu anaweza kuwa analipa 2,400 kila siku, hela ambayo kwa mwezi ni 62,400 na ingemlipia chumba cha karibu, lakini laki tatu na zaidi za kuanzia hazipati kwa mara moja. Anabaki mbali kwa sababu umbali unalipwa kwa sarafu.

---

Stage_Tatu

Nachangia kutoka Nairobi, ndugu zangu, kwa kuwa huku kuna funzo la kinyume. Nauli ya matatu haipangwi na serikali. Sacco (vyama vya wenye matatu) na wahudumu wa gari wanaangalia saa na mawingu: mvua ikinyesha jioni, nauli inapanda palepale stage, yaani kituoni, hata mara mbili. Kwa mwenye mshahara ni kero. Kwa mwenye kipato cha siku ni kukaa mjini mpaka saa nne usiku bei ishuke, au kutembea.

Kutembea ndiko usafiri mkubwa wa jiji hili. Kiasi cha watu wanne kati ya kumi husafiri kwa miguu. Alfajiri ukiangalia barabara za kutoka mitaa ya mabanda ya Mukuru kuingia eneo la viwanda, Industrial Area, unaona msururu wa watu, hakuna gari lililowaacha, hawakusimama stage kabisa. Sera ya kaunti ya mwaka 2015 iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa waendao kwa miguu na baiskeli. Halafu miongoni mwa barabara kubwa zilizofuata kujengwa ni Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ya kulipia, iliyofunguliwa 2022. Anayetembea haruhusiwi juu yake, wala bodaboda, wala tuk-tuk. Chini yake, kwenye Mombasa Road, ndiko wanakovuka watu hao.

Funzo jingine ni la Desemba 2018. Matatu zilizuiwa kuingia katikati ya jiji, abiria wakashushwa vituo vya nje na kutembea. Waliokuwa na magari yao waliingia kama kawaida. Marufuku hiyo haikumaliza wiki, kwa sababu kilichopimwa kilikuwa wingi wa magari na siyo wingi wa watu ndani ya magari. Matatu moja ya abiria 33 inachukua nafasi ya gari dogo mbili hivi. Kwenye maoni yenu hesabuni vichwa, msihesabu magari. Na wekeni mtu wa nne pale Banana wa kuhesabu wanaopita kwa miguu tu.

---

Tenga_na_Beseni

Naona mzigo umesahauliwa. Mama anayeuza nyanya au samaki hasafiri peke yake, anasafiri na tenga, ndoo au beseni. Kwenye daladala anaelewana na konda, analipia mzigo, unawekwa mbele au nyuma. Kwenye basi la mwendokasi lenye geti la kupitia na watu wamesimama bega kwa bega, tenga halipiti. Akikosa hiyo njia inabidi akodi bajaji au guta (baiskeli ya matairi matatu ya mizigo), na faida ya siku inaishia hapo. Kwa hiyo swali la kaya liwe na kipengele: ulibeba nini, ulilipia shilingi ngapi?

La pili, safari ya mwanamke mara nyingi haina mstari mmoja. Anamshusha mtoto shule, anapita sokoni, anakwenda kazini. Ukikata ruti, kila kituo cha katikati kinakuwa nauli mpya. Mpimaji akiuliza "unakwenda wapi" ataandika Kariakoo, na vituo viwili vya njiani vitapotea pamoja na gharama yake.

Dada wa kazi za Masaki na Mikocheni naye haendi mjini kabisa. Anataka njia ya kukatisha jiji kupitia Barabara ya Mandela. Njia za mwendokasi zilizopangwa nyingi zinaelekea katikati kama vidole kwenye kiganja. Daladala za kuzunguka ndizo zinazounganisha vidole hivyo, na zikiondolewa kwa sababu kipande chake kimoja kinapita kwenye barabara ya mwendokasi, huyu dada anaingia mjini na kutoka tena. Mtetee kwa jina la kazi yake.

Na juu ya kupanda kwa usawa wa jukwaa, ni kweli ni jambo jema, ila dereva asipolisogeza basi sawasawa panabaki pengo la kuogopesha kwa kiti cha magurudumu na kwa fimbo. Halafu gari la kutoka nyumbani kwenda kituoni bado ni lilelile lenye ngazi. Safari ina ubora wa kipande chake kibovu.

---

Mjumbe_Pembezoni

Nashukuru sana, wakuu, na wewe dada wa mzigo, hilo la tenga halikuwahi kutajwa kwenye vikao vyetu. Jedwali la maeneo ya kazi tutalifanya. Nimebaki na swali la tatu. Tukiomba nauli moja ya pamoja, ya gari la ndani na basi la njia kuu, inawezekana kwa daladala za watu binafsi? Na tunaomba kwa nani?

---

MezaYaNauli

Inawezekana, lakini uelewe ilivyofanyika mwanzo. Mwaka 2016 nauli ya njia kuu ilikuwa 650, ya gari la kulisha 400, na ukiunganisha zote ulilipa 800 badala ya 1,050. Iliwezekana kwa sababu mwendeshaji wa mabasi ya njia kuu na ya kulisha alikuwa mmoja, fedha zinaingia mfuko mmoja. Daladala ya mtu binafsi haiwezi kumsamehe abiria 250 ikasubiri kurudishiwa mwisho wa mwezi, kwa sababu hesabu ya tajiri ni jioni ileile. Mkiomba punguzo bila kusema nani anamfidia konda na lini, makonda watakataa kadi na abiria atalipa zote mbili.

Kuna njia mbili. Mojawapo ni gari la ndani kulipwa kwa kilomita au kwa tripu badala ya kwa abiria, na makusanyo yote yaende kwa msimamizi. Hiyo inaondoa pia kukatisha ruti, kwa sababu dereva hapati faida ya kugeuza njiani. Nyingine ni punguzo kutolewa kwenye basi la njia kuu peke yake: aliyetoka na gari la ndani anagonga kadi njia panda na kulipa pungufu. Hapo daladala haibadilishi chochote, gharama inabebwa upande mmoja, ila inatakiwa njia ya kuthibitisha alikotoka, mfano mashine ya kadi ndani ya gari la ndani.

Kwenye muda wa kubadili basi, ombeni dakika 120 kuanzia kugonga kwa kwanza. Wakiwapa 60, foleni ya asubuhi njia panda itazimaliza na mtu atakatwa nauli kamili akiwa bado kwenye mstari. Na msikubali punguzo lipitie tiketi ya mwezi tu. Tiketi ya mwezi inamfaa mwenye mshahara. Wa kibarua hana hela ya mwezi mkononi, anafaa kuwekewa ukomo wa siku: akishagonga kiasi fulani, safari zinazofuata siku hiyo hazikatwi.

Mtaulizwa kwa nini punguzo lisielekezwe kwa maskini tu. Bogotá walifanya hivyo kuanzia 2014, kwa sababu walikuwa na daftari la kaya la kupimia nani anastahili. Sisi daftari la karibu na hilo ni la TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na vibarua wengi wa mjini hawamo. Punguzo la kubadili gari linamfikia mtu bila kumwuliza kipato, kwa kuwa wanaobadili magari ndio wanaokaa mbali.

---

PimaKituo

Kuhusu kwa nani: ruti na nauli ni LATRA. Vituo, mabasi ya njia kuu na mpango wa magari ya kulisha ni DART, wakala wa mabasi yaendayo haraka, iliyo chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Barabara za ndani ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na msiisahau, kwa sababu gari la ndani haliwezi kufika kila dakika 10 kwenye njia yenye mashimo ambayo masika haipitiki. Nakala ipelekeni kwa Baraza la Watumiaji wa Usafiri Ardhini, LATRA CCC, ambalo kazi yake ni kusemea abiria, na kwa diwani.

Msiandike "nauli ishuke". Andikeni mambo yanayoweza kukaguliwa. Idadi ya chini ya magari kwa saa iandikwe kwenye masharti ya leseni ya ruti ya ndani, kuanzia saa 11 alfajiri. Gari la mwisho la kutoka njia panda liwe baada ya basi la mwisho la njia kuu, siyo kabla yake. Ruti za kuzunguka kupitia Mandela zisiguswe. Daladala za moja kwa moja zibaki angalau mpaka mabasi ya njia kuu yatimie idadi iliyopangwa, na zipunguzwe kwa kadiri mabasi yanavyoongezeka. Njia ya waenda kwa miguu kutoka Banana kuelekea viwandani iwe na taa.

Ukurasa wa kwanza uwe jedwali lile la maeneo ya kazi, bila utangulizi wala salamu ndefu. Chini yake mstari mmoja unaosema mlipima siku zipi, saa zipi, vituo vipi na kaya ngapi. Vikaratasi vyenyewe vitunzeni kwenye bahasha ofisi ya mtaa, maana mkiitwa kwenye mkutano wa wadau ndivyo vitakavyoombwa kwanza. Na pimeni sasa, kabla ruti hazijabadilishwa. Zikishakatwa hamtakuwa na hali ya awali ya kulinganishia, na hakuna atakayewapimia kwa kurudi nyuma.